Kasi ya Mwendokasi iko mlangoni

Tangu mabasi mapya ya gesi asilia ya Mwendokasi, mfumo wa mabasi yaendayo haraka, yaanze kuonekana Barabara ya Kilwa mwaka 2025, mazungumzo ya wakazi wa Dar es Salaam kuhusu usafiri yamekuwa mazungumzo ya idadi: yamekuja mangapi, mangapi yako njiani, mangapi yalipelekwa Kimara kuziba pengo la mabasi chakavu, na lini yatatosha. Vituo vya Barabara ya Morogoro vilipochomwa na kuvunjwa katika vurugu za siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, hesabu nyingine ikaongezeka, ya vituo vilivyorudi kazini na visivyorudi. Ni maswali halali, na mtu anayesimama Kimara alfajiri akisubiri kwenda kazini ana kila haki ya kuyauliza. Hata hivyo, yanaficha jambo ambalo waliousanifu mfumo huu walilijua tangu mwanzo na sisi tumelisahau, kwamba kasi ya Mwendokasi haitokani na injini wala na wingi wa mabasi peke yake. Inatokana na wepesi wa mtu yeyote, awe mzee, mjamzito, kiziwi au mgeni, kufika kituoni, kuingia, kujua alipo na kushuka. Wepesi huo, yaani ufikivu, ndio mtambo wa kasi yenyewe, na jiji linalouweka mwisho wa orodha, baada ya mabasi, lami na taa, litanunua mabasi mapya kila baada ya miaka michache na kubaki na msongamano uleule mlangoni.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 Serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria baada ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam kuzidiwa, jiji lilipata daladala, chombo kilichotatua tatizo la uchache wa magari kwa kuacha kila kitu kingine kiamuliwe na dereva na konda. Miongo miwili baadaye, barabara zikiwa zimejaa vipanya na Coaster, Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka uliundwa mwaka 2007, na Mei 2016 mabasi ya kwanza yakaanza kubeba abiria kwenye njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Mfumo huo uliazima mawazo kutoka Curitiba, mji wa Brazil ulioanza kutenga njia za mabasi mwaka 1974 na kujenga vituo vyake maarufu vyenye umbo la bomba mwaka 1991, na kutoka Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, uliofungua mfumo wake mwishoni mwa mwaka 2000. Kiini cha mawazo hayo ni rahisi mno: abiria alipe nauli kabla ya kupanda, asimame kwenye jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, na milango mipana kadhaa ifunguke kwa pamoja. Hakuna kupanda ngazi, hakuna kutafuta chenji mlangoni, hakuna kuinua mtoto na mzigo kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika bomba. Jukwaa lile lililoinuliwa, ambalo wengi wetu tunaliona kama fadhila kwa mtu mwenye kiti mwendo, liliwekwa pale kwanza kwa ajili ya saa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio takwimu za mtu yeyote. Basi likisimama vituo 20 na kila kituo kikalichelewesha sekunde 20 zaidi kwa sababu watu wanasukumana mlangoni, safari moja imeongezeka karibu dakika saba, na kwenda na kurudi ni zaidi ya dakika 13. Kama mzunguko mzima ulitakiwa kuchukua saa mbili, mwendeshaji mwenye mabasi 100 amepoteza kazi ya mabasi kumi hivi bila hata moja kuharibika. Anayelilia mabasi mengine kumi anaweza kuwa tayari anayo, yamenaswa mlangoni. Ndiyo maana inashangaza kwamba katika mijadala yetu ya usafiri mlango hautajwi kabisa. Tunataja urefu wa basi, nchi lilikotoka na rangi yake.

Kilichotokea Barabara ya Morogoro kinajulikana. Huduma ilianza na mabasi 140 wakati mpango ulihitaji zaidi ya 300. Kadi janja zilianza, zikapotea, na kwa miaka mingi abiria wakarudi kwenye tiketi ya karatasi na foleni ya dirishani kabla ya kadi kurejeshwa. Bonde la Msimbazi lilipofurika, barabara ilifungwa Jangwani na karakana ya mabasi, iliyojengwa palepale bondeni, ikaingia maji. Basi moja likaanza kubeba watu wa mabasi mawili, na picha za abiria wanaoingilia dirishani zikawa za kawaida. Ila kuna jambo ambalo picha hizo hazionyeshi. Anayeingia dirishani ni kijana mwenye nguvu. Ambaye hawezi kuingia dirishani hayumo kwenye picha, kwa sababu amerudi nyuma ukutani akisubiri basi linalofuata, kisha la pili yake, kisha akaamua kukodi bajaji kwa nauli inayozidi ya basi mara kadhaa, au amerudi nyumbani. Jukwaa liko sawa na sakafu kama lilivyochorwa, mlango uko palepale, lakini ufikivu umekufa kwa msongamano, na kasi ikafa nao siku hiyohiyo.

Hapa ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu, na inastahili kusikilizwa kwa haki. Wasemao "mabasi kwanza" wanasema kwamba mteremko mzuri wa kiti mwendo kwenye kituo kisichopitiwa na basi hauna faida kwa mtu yeyote, na kwamba basi la kutosha linalokuja kila baada ya dakika tatu ndilo ufikivu wa kweli, kwa kuwa mama mwenye mtoto mgongoni ataacha lililojaa apande linalofuata bila kupoteza asubuhi yake. Sehemu kubwa ya hoja hii ni kweli. Njia ya Mbagala ndiyo ushahidi wake mchungu: zaidi ya kilomita 20 za barabara na vituo vya awamu ya pili vilikamilika na kukaa bila mabasi huku wakazi wa Rangi Tatu na Zakhem wakiendelea kuning'inia kwenye daladala pembeni ya barabara tupu iliyojengwa kwa ajili yao. Tofauti yangu na wenye hoja hii iko kwenye neno "kwanza". Katika miradi ya umma kinachoitwa "baadaye" hakina bajeti, hakina tarehe na hakina afisa anayeulizwa. Tena mambo haya mawili hayapingani kiasi cha kupangwa kwa zamu. Utaratibu wa mlangoni, mstari wa foleni, mhudumu mwenye mamlaka ya kuzuia wanaosukumana na dereva anayelisogeza basi hadi kwenye ukingo wa jukwaa bila kuacha ufa wa kumeza mguu, vyote havisubiri meli kutoka popote.

Hoja ya gharama nayo ina ukweli nusu. Kuongeza mteremko, lifti au vigae vya kugusa kwa mguu vinavyomwongoza asiyeona kwenye kituo kilichokwisha jengwa ni ghali na kunaleta usumbufu. Kuviweka kwenye mchoro kabla ya zege kumwagwa ni sehemu ndogo ya bei ya kituo. Kwa vituo vinavyokarabatiwa baada ya kuharibiwa, na kwa awamu zinazoendelea kujengwa, hoja ya gharama ingepaswa kutusukuma tufanye sasa.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo husemwa zaidi ofisini kuliko hadharani, ni kwamba watu wenye ulemavu "hawaonekani" kwenye mabasi, kwa hiyo mahitaji yao ni madogo. Hoja hii inachukua matokeo ya kizuizi na kuyafanya sababu ya kukiacha kizuizi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kitaifa ilionyesha kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka saba na kuendelea ana aina fulani ya ulemavu. Watu hao wanakwenda kazini, sokoni, msikitini, kanisani na hospitalini kwa njia fulani. Juni 2017 madereva wa bajaji wenye ulemavu walifunga barabara katikati ya jiji wakipinga kuzuiwa kuingia mjini, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Yeyote aliyefuatilia tukio lile aliona sura halisi ya mahitaji yanayosemekana hayapo: kundi la watu ambao usafiri wa umma uliwashinda kupanda, wakaamua kuendesha usafiri wao na kubeba wenzao. Ongeza wazee, wajawazito, watoto wa shule wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao, wachuuzi wenye vikapu, na mgonjwa aliyetoka mkoani na rufaa ya Muhimbili au ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, naye anatembea kwa kuegemea bega la nduguye. Ukiwatoa wote hao, abiria wa "kawaida" anayebaki ni mwanamume kijana asiye na mzigo, na hakuna mji uliowahi kuwa na watu wa namna hiyo peke yao.

Kuna jibu jingine ambalo hutolewa kwa nia njema, kwamba sisi ni watu wa utu, na kwamba hakuna Mtanzania atakayemwona mwenzake ameshindwa kupanda akaacha kumnyanyua. Ni kweli, tunanyanyuana. Lakini msaada wa mikono una mipaka ambayo mji wa pwani, wenye dini na desturi nyingi, ulipaswa kuijua kuliko mji wowote. Mwanamke wa Mbagala aliyevaa baibui, anayetumia kiti mwendo, akinyanyuliwa na wanaume wanne asiowajua mbele ya umati, amefikishwa ndani ya basi, na stara yake imeachwa kituoni. Atavumilia mara moja akiwa na dharura, na mara nyingine atabaki nyumbani, na hakuna takwimu ya abiria itakayoonyesha kwamba alibaki. Mzee wa Kihindi wa Kisutu, mama wa Kizaramo, binti wa Kimakonde aliyezoea kujitegemea tangu utotoni, kila mmoja ana namna yake ya kuelewa heshima ya mwili wake, na njia pekee ya kuziheshimu zote kwa pamoja ni sakafu iliyo sawa na jukwaa, ambayo haimlazimu yeyote kuomba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao, inaliweka jambo hili kwenye upande wa haki. Bado tunaliendesha kama hisani.

Lakini ufikivu hauishii kwenye sakafu, na hapa daladala, pamoja na maovu yake yote, ina somo ambalo wataalamu wa Mwendokasi hawajalichukua kwa uzito. Ukitazama kwa makini, daladala ya Dar es Salaam ni mfumo wa taarifa uliojengwa kwa ajili ya mtu asiyejua kusoma, asiyeona vizuri na asiyeujua mji. Mistari ya rangi iliyopakwa ubavuni inaitambulisha njia kabla hujayafikia maandishi. Konda anaimba mwisho wa safari kila kituo, "Posta, Posta, Kariakoo," na anauliza kwa sauti kama kuna wa kushuka. Mzee akisema hamjui Magomeni Mapipa ni wapi, konda anamwambia akae karibu na mlango, na akifika atashushwa, na dereva ataambiwa asiondoke kwanza. Asiyeona husafiri peke yake kwa sauti ya konda huyo. Mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, mwenye Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, Mzambia na Mmalawi waliokuja Kariakoo kuchukua mzigo na hawana Kiswahili chochote, Mngazija aliyeshuka bandarini, wote huweza kufika kwa kutaja jina moja la mahali. Hakuna aliyeusanifu utaratibu huu. Ulikua wenyewe kutokana na mji wenye watu wa kila namna na makonda wenye njaa ya abiria.

Basi la kisasa limemwondoa konda, na ni sawa, kwa kuwa nauli hulipwa kituoni. Kosa ni kuiondoa kazi yake ya pili bila kuikabidhi kwa mtu au kifaa kingine. Basi ambalo halitangazi kituo kwa sauti inayosikika linamwacha asiyeona kuhesabu vituo kwa vidole, na basi lisiloandika jina la kituo kwenye kioo cha ndani linamwacha kiziwi kuchungulia dirishani katikati ya watu waliosimama. Mgeni anayefika Kimara au Gerezani na kukuta mabasi yanayofanana kwa rangi na umbo, mengine yakisimama kila kituo na mengine yakiruka vituo, hulitambua lake kwa kuuliza. Ramani yenye rangi moja kwa kila njia, namba kubwa mbele ya basi, alama ya picha kwa kila kituo kikuu, sauti ya Kiswahili na Kiingereza, na mhudumu mmoja kwa kila kituo kikuu aliyejifunza Lugha ya Alama ya Tanzania ni vitu vya bei ndogo mbele ya bei ya mabasi. Vinapunguza pia maswali mlangoni, na kila swali mlangoni ni sekunde. Wako wanaosema lugha za kigeni vituoni zitadhoofisha Kiswahili katika mji uliokilea. Sioni hivyo. Kiswahili ndicho kilichowafanya Wasukuma, Wachaga, Wangoni na Wagoa kuwa abiria wa basi moja, na lugha yenye uwezo huo haipungukiwi na kitu mgeni anaposomewa jina la kituo kwa lugha anayoielewa.

Kisha kuna njia ya kufika kituoni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu iliyoachwa zaidi. Kituo kikiwa katikati ya barabara kuu, abiria lazima avuke. Akitumia kivuko cha ardhini anategemea taa zinazofanya kazi na madereva wanaoziheshimu; akitumia daraja la juu anakutana na ngazi au mteremko mrefu unaomchosha mtu mwenye magongo kabla hajaanza safari. Njia za waenda kwa miguu zilizojengwa vizuri kando ya Barabara ya Morogoro zimegeuzwa barabara ya bodaboda saa za msongamano, na mtu mwenye fimbo nyeupe huko hana mahali pa kukimbilia. Ukiingia ndani ya Manzese, Tandale au Mbagala, lami inakwisha, mchanga unaanza, na mitaro isiyofunikwa inakaa kimya ikisubiri mguu wa asiyeijua. Mradi wa kuendeleza jiji ulioboresha barabara za mitaa na mifereji katika Kinondoni, Ilala na Temeke ulionyesha kuwa kazi hii inawezekana mtaa kwa mtaa. Kilichopungua ni kuunganisha michoro miwili: ofisi inayojenga barabara ya mtaa na ofisi inayojenga kituo zifikirie safari moja ya mtu mmoja kutoka mlangoni kwake. Hospitali ya CCBRT, inayohudumia watu wengi wenye ulemavu kuliko pengine taasisi yoyote jijini, iko Msasani, nje ya njia kuu iliyofunguliwa mwaka 2016. Mgonjwa anayeshukia Morocco bado ana safari ya daladala yenye ngazi mbele yake, na kwake yeye kilomita zile za mwisho ndizo safari yote.

Haya yote yana matokeo kwenye jambo linaloamuliwa sasa, nalo ni mikataba. Kwa kuwa Serikali imeamua kuwaingiza waendeshaji binafsi, swali la namna ya kuwalipa ni la ufikivu kabla ya kuwa la uhasibu. Mwendeshaji anayeishi kwa nauli ya kila kichwa anafaidika basi linapojaa na kusubiri lijae zaidi. Kwake mtu wa kiti mwendo anayechukua nafasi ya watu watatu ni hasara, hata kama hatasema hivyo mbele ya mtu. Mwendeshaji anayelipwa kwa kilomita alizoendesha, na kukatwa fedha kwa basi lililochelewa, mlango uliokwama, tangazo la sauti lililozimwa na ufa uliozidi kipimo kati ya basi na jukwaa, hana sababu ya kumkwepa abiria yeyote. Vipengele kama hivyo vikikosekana siku ya kusaini, havitaingizwa baadaye kwa barua za kumsihi. Na mamlaka inayopanga nauli ingefaa ipokee kila mwezi, pamoja na idadi ya abiria, muda wa wastani ambao basi linasimama kila kituo. Kipimo hicho kimoja humwambia mkaguzi kama kuna msongamano, kama tiketi zinachelewesha na kama wasio na nguvu wanaachwa, na hakihitaji utafiti wa mshauri kutoka nje.

Awamu ya tatu, kupitia Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na ya nne, kuelekea Mwenge na Tegeta, ndizo nafasi ya karibu ya kulipima jambo hili, pamoja na vituo vinavyorudishiwa milango na vioo vyake Barabara ya Morogoro. Mkandarasi wa ujenzi huzuiliwa sehemu ya malipo yake mpaka kasoro zirekebishwe katika kipindi cha uangalizi, na kwa kawaida kasoro hizo ni nyufa, mifereji na taa. Napendekeza orodha hiyo iongezwe safari za majaribio kutoka mtaa wa jirani hadi ndani ya basi na kurudi, zifanywe na watu watatu: mwenye kiti mwendo, asiyeona mwenye fimbo yake, na mgeni asiyejua Kiswahili, bila msindikizaji na bila mtu wa kuwanyanyua. Vyama vya watu wenye ulemavu viwataje vyenyewe watu watakaosimamia zoezi hilo, na ripoti yao iambatanishwe na cheti cha makabidhiano. Mmoja wa wasafiri hao watatu akishindwa kufika, fedha ile iliyozuiliwa isiachiwe.